Jinsi Nilivyoitwa Bwana Siku Nne

Kuna jina ninaloitwa Ganze ambalo mke wangu hajui lilitoka wapi, na kwa miaka mingi nimemwambia kwamba ni jina la heshima, kwamba nilikaa huko siku nne nikitibu watu na wenyeji wakanikumbuka kwa hilo. Huo ni uongo. Ganze nilikaa saa tano na nusu, na aliyetibiwa alikuwa mimi. Sasa nimeona niiandike habari yenyewe kwa mpangilio, siku zake na saa zake (tangu ujana nina daftari ninaloandika mambo kama yalivyotokea, hata yale yanayoniumbua), ili atakayenicheka anicheke kwa jambo la kweli.

Ilikuwa miaka ya themanini, wakati ule watoto wa shule wakinywa maziwa ya pakiti zenye pembe tatu na kuziacha zimetapakaa njia nzima. Mimi ni mtu wa Machakos, jina langu Mutua, na Malindi nilifika nikiwa na miaka ishirini na mitatu, nikapata kibarua katika hospitali moja, kwenye chumba cha mazoezi ya viungo. Kazi yangu ilikuwa kupasha maji moto, kukunja mikeka, kushika mguu wa mgonjwa wakati mkubwa wangu akiuvuta, na kumtunza Bwana Pingili. Bwana Pingili alikuwa uti wa mgongo wa plastiki pamoja na mifupa ya nyonga, vimeunganishwa kwa waya na kuning'inizwa kwenye ndoano pembeni mwa mlango, na kulikuwa na wagonjwa waliokuwa wakiingia wanamwamkia kabla hawajaniamkia mimi.

Miaka mitatu nilikuwa kibarua. Nilichokitaka kilikuwa kwenda chuo, nirudi nikiwa mtaalamu wa viungo mwenye cheti, nivae koti jeupe langu mwenyewe badala ya lile la kuazima lenye mikono mifupi. Nafasi ilikuwa moja tu kwa mkoa mzima, na aliyekuwa akipendekeza jina ni Bi Zuhura, mtaalamu mkuu kutoka Mombasa. Basi Jumapili moja jioni tukaambiwa Bi Zuhura amefika, atakaa nasi mpaka Alhamisi, na katika siku hizo atanitazama mimi.

Alikuwa mama wa makamo, mnene kiasi, Mswahili wa mjini hasa, mwenye Kiswahili cha kunyooka ambacho kilinifanya mimi wa bara nijione nasema kwa magongo. Akapewa chumba cha wageni katika nyumba za wafanyakazi, chumba cha mwisho kwenye baraza. Sasa hapo ndipo mkasa ulipoanza, maana choo chetu kilikuwa nyuma ya ua, na njia ya kwenda chooni ilikuwa moja tu, inapita mbele ya baraza hiyo.

Jumatatu, saa kumi na mbili unusu asubuhi (tumbo langu lilikuwa kama karani mwaminifu, linafungua ofisi saa hiyo tu, ukilikosa basi mpaka kesho), nikatoka chumbani na gazeti limekunjwa kwapani. Gazeti lenyewe lilikuwa la juma lililopita. Wenzangu wa pwani hutumia maji, na nawasifu, lakini mimi nilikuwa bado na mazoea ya kwetu, na karatasi laini ya dukani haikuwa ya mshahara wangu. Nikajipitisha upande wa ukuta, haraka haraka, nikidhani bado amelala. Wapi! Alikuwa ameshaswali alfajiri, ameketi kwenye kiti cha kamba na kikombe cha kahawa, macho yapo kwangu.

"Shikamoo Bi."

"Marahaba mwanangu. Mutua, siyo? Aaa, na gazeti asubuhi yote hii! Napenda kijana msomaji. Unakwenda kulisoma wapi?"

Ndugu zangu, hapo palikuwa na majibu mawili. La kwanza, "Ninakwenda msalani, Bi," na mambo yangekwisha, maana hata yeye huenda. La pili ndilo nililolitoa.

"Nilikuwa ninakuletea wewe, Bi."

"Mashallah! Basi kaa hapa unisomee, miwani yangu nimeisahau Mombasa. Anza ukurasa wa kwanza."

Nikakaa. Nikasoma ukurasa wa kwanza, wa pili, bei za korosho, barua za wasomaji, matangazo ya vifo, huku tumbo langu likibisha hodi mara mbili, mara ya tatu likasikitika likaondoka. Kuna mahali alinikatiza akasema, "Mbona habari hii niliisikia redioni juma lililopita?" Nikamjibu, "Magazeti ya Malindi hufika yamechoka, Bi." Akacheka, akanimiminia kahawa, akaita mahamri na mbaazi za nazi, nikala manne kwa adabu.

"Na kesho ulete," akasema.

Kwa hiyo Jumanne nikanunua gazeti, nikaenda, nikasoma. Jumatano nikaamka mapema zaidi, saa kumi na moja na robo, nikidhani nitamtangulia. Nikamkuta anatandika msala. "Leo umewahi!" akasema. "Ngoja niswali, tusome." Na vyoo vya hospitali yenyewe havikuwa na msaada, kwani shimo la kile cha wafanyakazi lilikuwa limetitia tangu mvua za masika, na cha wagonjwa kilikuwa na foleni ya watu wanaonijua kwa jina. Na isitoshe, tumbo likikataliwa mara mbili tatu hununa. Halikuwa likiniita tena. Nilikuwa nakula tu: mahamri, viazi vya nazi, mayai ya kuchemsha, wali, vyote kutoka kwa Bi Zuhura ambaye aliamua nimekonda. Kufika Jumatano jioni nilikuwa natembea kama mtu aliyemeza gunia, na kiuno kimeanza kukaza upande wa kushoto, chini chini, lakini nikajiambia ni kwa sababu ya kuinua mitungi ya maji moto.

Alhamisi ndiyo siku ya mtihani. Tulikuwa twende Ganze, kwenye zahanati moja, nikawafundishe kina mama namna ya kubeba mizigo bila kuumiza mgongo, na Bi Zuhura aketi atazame. Asubuhi nikasoma gazeti (ndiyo, na siku hiyo), kisha saa moja na nusu tukapanda Landrova: Bi Zuhura mbele na dereva Karisa, mimi nyuma kwenye benchi la chuma, nimempakata Bwana Pingili kama mtoto mgonjwa. Karisa ni Mgiriama wa Jilore, mtu wa maneno. Alinitazama nikipanda, mguu mmoja, halafu mwingine kwa mashaka, akasema, "Daktari, leo umevaa suruali ya mbao?"

Kilifi tukasimama kutia mafuta. Nikaona choo nyuma ya kituo, mlango wa bluu uko wazi, hakuna mtu. Moyo wangu uliruka. Nimeshuka, nimepiga hatua nne (nilizihesabu), nikasikia sauti dirishani.

"Mutua, njoo. Hebu nikupime kidogo kabla hatujafika. Nitajie vitu vitatu vinavyoongoza mwendo wa uti wa mgongo na nyonga."

Nikarudi. Nikasimama wima kadiri kiuno kilivyoniruhusu. "Cha kwanza ni maungo, Bi, yaani pale pingili zinapokutana, na pale nyonga inapoungana na uti. Ungo likikaza, pingili za juu na za chini yake hulazimika kufanya kazi yake."

"Vizuri."

"Cha pili ni misuli. Misuli ya mgongo, ya tumbo, ya makalio, na ile ya paja. Ikivuta upande mmoja, nyonga huinama upande huo."

"Vizuri sana. Cha tatu?"

Nikatafuta. Nikatazama ule mlango wa bluu, ambao sasa mwanamume mmoja alikuwa akiuingia na kuufunga. "Cha tatu ni... nidhamu, Bi."

Karisa akaliachia bomba la petroli akageukia upande mwingine, mabega yakimtikisika.

"Nidhamu!" akasema Bi Zuhura taratibu. "Na hiyo nidhamu inakaa pingili ya ngapi? Mwanangu, sikiliza. Sitaki kukuficha. Kuna kijana wa Voi na kuna wewe. Yeye amenijibu yote matatu. Nakupa mpaka jioni. Nikifika Mombasa sina jibu lako la tatu, jina nitakaloandika ni la Voi. Panda twende."

Nikapanda. Kutoka Kilifi hadi Ganze ilikuwa barabara ya vumbi na makorongo, na kila korongo nililihesabu kwa kiuno.

Tukafika saa nne kasorobo. Watu walikuwa wamejaa uani mwa zahanati: kina mama arobaini na wawili na wazee watatu waliokuja kwa kikohozi wakaona wakae. Kina mama walikuwa wametoka kuteka maji mbali, madebe yao yamepangwa kando kando ya ukuta, yamejaa, juu yake majani ili maji yasimwagike. Mbele kabisa, chini kwenye kipande cha gunia, alikuwa ameketi bikizee mmoja aliyevaa hando, lile vazi la Kigiriama la marinda mengi linalofurisha makalio, na kila mtu alikuwa akimwita Hawe Kadzo, kwa maana kwao hawe ni bibi. Niliambiwa baadaye kwamba ndiye mkunga na mkandaji wa upande ule wote. Wakati ule sikuambiwa, nikamwona ni bibi tu.

Nikamtundika Bwana Pingili kwenye fremu ya mlango, nikaanza. "Mama zangu, huu ndio uti wa mgongo."

"Huyu alikufa na nini?" akauliza Hawe Kadzo.

"Hakufa, hawe. Ni plastiki. Ametengenezwa kiwandani."

"Basi kama hakuzaliwa, atajuaje kubeba maji?"

Wakaangua kicheko. Bi Zuhura naye, kwenye kiti chake, akaficha mdomo kwa mtandio. Nikaona nitakosa heshima nisipokaza uzi, nikapandisha sauti, nikawaambia mambo ambayo nikiyakumbuka leo natamani kujifukia. Niliwaambia kubeba debe kichwani ni kosa (kina mama ambao walitembea maili nzima na debe kichwani bila kushika kwa mkono, shingo imenyooka, kiuno kinacheza chini kama hakijui kuna mzigo juu!). Niliwaambia wao hawajui kuinua. Nikasema nitawaonyesha.

Nikaliendea debe moja lililojaa. Nikageuka ubavu ili wauone mgongo wangu vizuri, na Bi Zuhura auone zaidi. "Tazameni. Miguu tunaitanua. Tunainama hivi, tunashika mzigo, halafu polepole..."

Nikavuta pumzi, nikainua.

Debe lilitoka chini kama shibiri moja. Halafu ndani ya kiuno changu, upande ule ule wa kushoto, nikasikia kitu kimefunga, kama komeo la mlango: *ko!* Debe likarudi chini lenyewe. Mimi sikurudi popote. Nilibaki nimekunjika katikati, mikono kwenye debe, uso umetazama mchanga, makalio yameelekea mbinguni. Nikajaribu kunyooka, misuli yote ya mgongo ikakaza kwa pamoja ikakataa. Nikajaribu kupiga magoti, tumbo likapiga kelele kwa ndani, nikaacha.

Sasa angalieni jinsi mtu asivyojifunza. Hapo tena palikuwa na majibu mawili. Ningeweza kusema, "Jamani, nimekwama." Lakini kule pembeni yupo mama mwenye nafasi ya chuo, na kule Voi yupo kijana mwenye majibu matatu. Nikasema, nikiwa nimeuelekea mchanga, kwa sauti ya ualimu:

"Na tukifika hapa, tunatulia."

Halafu nikasikia mchakacho wa leso na marinda, uani kote. Nikageuza jicho moja chini ya kwapa, nikaona jambo ambalo sitalisahau nikiwa hai: kina mama arobaini na mmoja, kila mmoja mbele ya debe lake, wameinama kama mimi, miguu wameitanua, mikono kwenye madebe, makalio juu, wananingoja. Hata mzee mmoja wa kikohozi alikuwa ameinama, ameshika mkongojo wake.

"Tunatulia," nikarudia, "tunapumua."

Wakapumua. Wote pamoja, fuuu.

"Mpaka lini, daktari?" akauliza mama mmoja mwenye mtoto mgongoni.

"Bado kidogo."

"Sima yangu iko jikoni!"

"Huu ndio mtindo wa kisasa, mama," nikasema, jasho linanidondoka kutoka ncha ya pua kuingia kwenye debe la watu.

Nilimsikia Karisa kule kwenye gari akisema peke yake, "Mulungu wangu," yaani Mungu wangu, na kisha mlango wa gari ukafungwa, nadhani ili asisikike akicheka. Kwa saa yangu, niliyokuwa nikiiona vizuri sana kwa sababu ilikuwa puani, tulikaa hivyo dakika sita. Mama mmoja akaanza kulalamika paja. Mwingine akasema yeye amepata nafuu ya mgongo, tuendelee.

Ni Hawe Kadzo peke yake ambaye hakuinama. Nikasikia nyayo zake zinanizunguka polepole, mara moja, mara ya pili, kama mtu anayekagua mbuzi mnadani. Zikasimama. Mkono mkavu, mgumu, ukanigusa kiunoni, ukashuka kila pingili, ukabonyeza nyonga ya kushoto, ukabonyeza ya kulia. Halafu, bila kuniomba ruhusa, ukapita chini ukanishika tumbo.

"He!" akasema. "Inukeni nyie. Huyu hafundishi. Amefungika."

Arobaini na mmoja wakainuka kwa kishindo, huku wakitukanana na kucheka na kujishika viuno.

"Mgongo hauna kosa," Hawe Kadzo akaendelea, mkono wake bado uko tumboni mwangu. "Tumbo ndilo linauvuta. Limejaa limekuwa jiwe. Mudzukulu wangu," (aliniita mjukuu wake, na nilikuwa karibu kulia), "hujaenda porini siku ngapi?"

Nikanong'ona.

"Sema! Masikio yangu ni ya zamani."

Nikanong'ona kwa nguvu kidogo.

"Enyi, nyamazeni, mgonjwa anasema! Siku ngapi?"

Wakanyamaza wote. Hata mtoto wa mgongoni akanyamaza. Na mimi, kwa vile nilikuwa nimeshajiandaa kushindana na kelele, nikapiga ukelele uliofika mpaka barabarani:

"NNE!"

"Nne!" wakaitikia kina mama. "Nne?" akauliza mzee wa kikohozi. "Siku nne!" akaelezwa. Mmoja akashika mdomo. Mwingine akasema kwa huruma, "Na anatembea na watu!"

Ndipo nikasikia kiti cha Bi Zuhura kikisogea. Akaja akasimama mbele yangu. Viatu vyake ndivyo nilivyoviona, vyeusi, na vumbi la Ganze. Alikuwa akihesabu kwa sauti ya chini. "Jumatatu. Jumanne. Jumatano. Leo." Kisha akaita, "Mutua."

"Naam, Bi."

"Lile gazeti."

"Ndiyo, Bi."

"Lilikuwa na safari nyingine."

"Ndiyo, Bi. Zote nne."

Sikumwona uso. Nilisikia tu akipumua kwa pua, mara mbili, kama mtu anayezuia chafya. Halafu akasema, "Mlazeni."

Wakaniinua wanne, vile vile nilivyokunjika, kama kiti kinachohamishwa, wakaniingiza ndani nyuma ya pazia na kunilaza ubavu kwenye mkeka. Hawe Kadzo akaomba mafuta ya nazi, akayapasha viganjani, akaanza kunikanda tumbo, sio mgongo, tumbo, kwa mzunguko, kuanzia kulia chini, akapanda, akavuka, akashuka kushoto, taratibu, akirudia. "Hapa pana muhogo," akasema alipofika kushoto. Bi Zuhura alikuwa amepiga magoti upande wa pili, mtandio ameutupa begani, na nikaona kwamba hakuwa akinitazama mimi tena. Alikuwa akitazama mikono ya yule bikizee.

"Hawe," akamwuliza kwa adabu kubwa, "wewe ulijuaje kwamba ni tumbo?"

"Wewe mwanangu umechinja mbuzi?"

"Nimechinjiwa."

"Basi ukimpasua, matumbo yake hayakai ovyo kama kamba ndani ya kapu. Yameshikwa na ngozi nyembamba, na ile ngozi imeshonwa wapi? Mgongoni. Sasa shati lako likishonwa na la mwenzako, yeye akianguka, wewe utasimama?"

Bi Zuhura akanigeukia. "Umesikia, Mutua? Na nyuma ya utumbo pana nini? Ule msuli mrefu wa ndani, unaotoka pingili za kiuno, ukapita ndani ya nyonga, ukashuka mpaka juu ya paja. Utumbo ukijaa na kuuma, msuli ule hujikaza kuulinda, na mtu hukunjika. Kibofu vivyo hivyo, figo vivyo hivyo, na mama mwenye mimba ndiyo usiseme. Wewe umelala na Bwana Pingili miaka mitatu, na Bwana Pingili hana tumbo. Ndiyo maana ulinitajia nidhamu."

Nilitaka kujibu, lakini wakati huo mkono wa Hawe Kadzo ulipofika kushoto chini, kitu ndani yangu kilinung'unika, kikajigeuza, na yule karani wangu mwaminifu, baada ya mgomo wa siku nne, akafungua ofisi.

"Bi," nikasema. "Hawe. Naomba mniinue upesi."

Choo cha zahanati kilikuwa mwisho wa ua, hatua sitini na mbili, na kote katikati ni uwanja mtupu wenye kina mama arobaini na mmoja. Sikuwa nimenyooka bado. Nilitoka nimeinama nusu, mkono mmoja kwa Karisa (ambaye machozi yalikuwa yakimtiririka, akidai ni vumbi), na mbele yetu akatangulia yule mama wa sima, ametwika kichwani debe lile lile nililoshindwa kuliinua, hakuligusa kwa mkono, kiuno kinakwenda kulia na kushoto, anapeleka maji chooni kwa niaba yangu. "Daktari," akaniita bila kugeuka, "nitazame nikubebee mzigo kwa makosa." Nyuma wakaanza kupiga makofi na kuimba, na kiitikio chao kilikuwa ni siku nne tu, hakuna lingine.

Sitaeleza ya ndani. Daftari linasema dakika ishirini na tano. Nilipofungua mlango nilikuwa nimesimama wima, wima kabisa, kiuno kinageuka huku na huku, nyonga zote mbili zi sawasawa, nikajihisi mrefu kuliko nilivyozaliwa. Uani wakanipokea kwa vigelegele kama bwana harusi, wakiniita Bwana Siku Nne. Nikaenda mbele ya Hawe Kadzo, nikapiga magoti (magoti yalikubali!), nikamwamkia tena upya, na mbele ya watu wote nikasema kwamba yale niliyosema juu ya debe kichwani nimeyafuta. Akanitemea mate kidogo utosini, ndiyo baraka, akasema, "Nenda ukasome, mudzukulu. Lakini usisome mpaka ukasahau kwenda haja."

Turudi garini. Bi Zuhura akakaa mbele, tukashika njia ya Kilifi. Mimi nyuma nilimkumbatia Bwana Pingili nikijua yamekwisha: nimemdanganya mkubwa siku nne mfululizo, nimewainamisha wazazi wa watu dakika sita, na kijana wa Voi sasa hivi ananyoosha shati lake. Kituo cha mafuta Karisa akasimama. Bi Zuhura akashuka, akaingia dukani, akatoka na kitu mkononi, akaja dirishani kwangu. Mlango wa bluu ulikuwa wazi tena, lakini sasa haukunihusu.

"Jua halijatua," akasema. "La tatu?"

"Viungo vya ndani, Bi. Utumbo, kibofu, figo, vyote vilivyoshonwa mgongoni."

"Na mgonjwa akija ameshika kiuno, utamwuliza nini kwanza?"

"Kama amekwenda haja, Bi. Na lini."

"Na akikudanganya?"

"Nitamshika tumbo."

Halafu akanipa kile kitu kupitia dirishani. Lilikuwa gazeti la siku hiyo, jipya, limekunjwa vizuri.

"Hili usinisomee," akasema, akaenda kukaa mbele.

Chuo nilikwenda mwaka uliofuata. Miaka kadhaa baadaye, nikiwa nimerudi na koti langu jeupe lenye mikono mirefu, karani mmoja wa majalada alinionyesha barua ya mapendekezo ya Bi Zuhura. Ilikuwa na mistari miwili. *Kijana huyu anafaa. Naomba apewe bweni lililo karibu na choo.*

Na mimi mpaka leo nikitoka asubuhi na mtu akaniuliza ninakwenda wapi, awe mkubwa, awe mkwe, awe askofu, namwambia ninakwenda msalani, na sipunguzi mwendo.